Mke Mwenza wa Mbao

Chai ndiyo iliyoanza. Twalibu, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, alipiga funda la kwanza la asubuhi, akalizungusha mdomoni, akalimeza kwa adabu ya mtu aliyealikwa, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama siku hizi chai ya mgahawa wa Saady inatiwa chumvi. Mwajabu, mke wa Saady na mwenye jiko, hakuwa mtu wa kuulizwa mambo kama hayo mbele ya wateja. Alinyakua kikombe akaonja mwenyewe. Ilikuwa na chumvi.

Alimwaga sufuria nzima, akaisugua kwa majivu, akachota maji mengine mtungini, na safari hii akayaonja kabla hayajafika motoni. Maji matupu, ya bomba lile lile wanalochotea watu wote wa nyuma ya soko la Kasulu, yalikuwa na chumvi ya kukunja uso. Akaenda kwa jirani kuomba kikombe. Ya jirani yalikuwa maji tu. Akanunua mtungi mpya siku hiyo hiyo, na jioni maji ya mtungi mpya nayo yakawa na chumvi, tena na kitu kingine juu ya chumvi, harufu ambayo hakuipatia jina. Haikuwa ya dagaa wa Kigoma wala ya lami. Ilikuwa kama ya misumari iliyolowa muda mrefu ndani ya gunia.

Aliwalaumu watu wa bomba. Bomba halikuwa na kosa, na kama Mwajabu angekaa chini akawaza vizuri, angekumbuka utani alioufanya juzi yake alasiri, mbele ya watu, akiwa na hasira.

Tuseme kweli, na mwenyewe asingebisha: Mwajabu alikuwa na wivu. Si ule wivu wa kununa siku mbili ukaisha. Mteja wa kike akimwambia Saady ahsante mara mbili, Mwajabu alitaka kujua ile ya pili ilikuwa ya nini. Chantal, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aliyekuwa akija siku za soko kuuza maandazi barazani kwao, alifukuzwa kwa sababu Saady alimsaidia kutua beseni. Wanawake wa sokoni walimcheka, naye alijua wanamcheka, na kujua hakukusaidia kitu. Alimpenda mume wake. Tangu Saady alipomchukua kwao Gwarama, kwenye mashamba ya mihogo, akamleta mjini, mpaka binti yao Zaitun akakua na kuolewa, Mwajabu hakuwahi kuona mwanamume mwingine wa kutazamwa, na wazo la kugawana mume lilimuuma hata pale ambapo wa kugawana naye hayupo.

Sasa mwaka huo zikaja meli. Hazikuja Kasulu, bila shaka. Kasulu ni milima na udongo mwekundu na baridi ya alfajiri, na watu wengi huzeeka hapo bila kuiona bahari. Zilikuja kwenye televisheni ya mgahawa. Meli kongwe za matanga kutoka nchi za mbali zilikuwa zimekusanyika pwani, nyingine zikiwa na umri wa zaidi ya karne, milingoti mitatu mitatu, kamba zimetanda kila upande, na kila alasiri zilionyeshwa zikisafiri kwa msafara kutoka bandari moja kwenda nyingine, matanga yamejaa upepo, watu wamejipanga ufukweni wakipunga mikono. Saady hakuwahi kufika pwani, lakini babu yake alikuwa mtu wa Pangani aliyepanda huku na bidhaa zake akakaa moja kwa moja. Meli zile zilimkamata. Vijana walitaka mpira, akawanyima rimoti.

Alasiri hiyo ya juzi kamera ilisogea kwenye meli moja nyeusi, ikaenda hadi omo, pale mbele kabisa panapokata maji. Palikuwa na mwanamke wa mbao. Alichongwa kuanzia kiunoni kwenda juu; chini ya kiuno hakuwa na kitu, alikuwa ameungana na meli. Kifua mbele, kichwa juu, rangi imebanduka shavu moja, macho wazi. Wimbi lilimfunika, akainuka. Likamfunika tena, akainuka tena, na uso ni ule ule.

"Mashallah," akasema Saady, kitambaa cha kufutia meza kimesimama mkononi.

Mwajabu wakati huo alikuwa akimpa habari za Zaitun. Akamwita, hakusikia. Akamwita tena. Mara ya tatu Saady, ambaye alimjua mke wake na alipenda kumchokoza, alisema bila kugeuka kwamba mwanamke namna ile ndiye wa kuoa: mzuri, hazeeki, na haulizi mtu ametoka wapi.

Mgahawa mzima ukacheka. Uso wa Mwajabu ukawaka moto.

"Basi muoe," akasema.

"Nani ataniozesha?"

"Mimi. Naona hana ndugu, basi walii wake ni mimi." Akavua bangili yake ya fedha, akaibamiza mezani chini ya televisheni. "Mahari hii hapa, nimemtolea. Mashahidi hawa hapa, Twalibu na Mzee Nurudini. Mimi mke mkubwa nimeridhia. Nimekuozesha. Haya, sema."

"Nimekubali," akasema Saady akicheka, na Twalibu akainua viganja kama anayeomba dua, mabega yakimtikisika.

Asiyecheka alikuwa Mzee Nurudini, muadhini wa msikiti wa sokoni. Yeye alisema ndoa na talaka havina utani, mtu akishatamka ametamka, kisha akaacha chai yake nusu akaenda kuadhini. Kwenye televisheni kamera ilikuwa bado kwa yule mwanamke wa mbao, na baadaye Mwajabu aliapa kwamba alimwona akipepesa macho. Wakati ule alidhani ni maji tu yanamtiririka usoni. Bangili alipoitafuta jioni hakuiona, akawashuku vijana wa mpira.

Baada ya chumvi ikaja sauti. Walikuwa wakiishi nyuma ya mgahawa, vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma na ukumbi mwembamba, na ndani ya nyumba hiyo hapakuwa na kamba ndefu kuliko ya kuanikia nguo. Lakini mchana, wateja wakishapungua, Mwajabu alisikia kamba nene ikikazwa, ikilegezwa, ikikazwa, na mbao kubwa zikilalamika kama zinavyolalamika za kitanda cha zamani mtu mzito akijigeuza. Akisimama kusikiliza, inanyamaza. Akirudi jikoni, inaanza.

Halafu Saady, mtu ambaye maisha yake yote alisema usingizi wa mchana ni wa wagonjwa, akaanza kulala baada ya chakula. Alijifungia. Siku ya kwanza Mwajabu alimwachia, siku iliyofuata akanyata hadi mlangoni akatega sikio, akamsikia mumewe akizungumza kwa sauti ya chini, polepole, akinyamaza kama anayesubiri kujibiwa, akicheka kidogo, kisha akiendelea, na sauti ile aliijua vizuri sana, kwa sababu ndiyo sauti aliyozungumza naye mwaka wao wa kwanza, wakiwa na chumba kimoja na mkeka, na ambayo hakuisikia tena tangu Zaitun azaliwe, wala hakuwahi kumwambia kwamba anaikumbuka. Alisukuma mlango. Saady alikuwa peke yake kitandani, macho yamefumba, anatabasamu. Shati lilikuwa limelowa chapachapa. Midomo yake ilikuwa na ukoko mweupe, na Mwajabu alipougusa kwa kidole na kuonja, ulikuwa chumvi. Sakafuni, kutoka kizingitini hadi ubavuni mwa kitanda, palikuwa na mchirizi mpana wa maji, kama mtu ameburuta gunia lililolowa. Nyayo hazikuwepo. Na mchirizi uliingia tu, haukutoka.

Mwenye akili timamu angeita watu. Mwajabu alishikwa na wivu kwanza, hofu ikaja nyuma yake. Alijifunga kanga, akaenda sokoni moja kwa moja hadi kwenye beseni la Chantal, akamuuliza mbele ya watu anamfanyia nini mume wake.

Chantal alimtazama usoni, akaacha kukasirika.

"Mama Zaitun, mie sikamatake bwana wa mutu," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ile siku nilipita pale kwenu, nikasikia baridi ya maji. Mie nimezaliwa kando ya ziwa, ile baridi naijua. Yule haiko mwanamuke wa hapa. Mupeleke bwana yako kwa wenye kujua, na uende mbio."

Mwenye kujua alikuwa Kibondo. Bi Asmahani aliuza vitenge mjini pale, mwanamke mnene mcheshi aliyezaliwa pwani, akamfuata mume huku juu, mume akafa yeye akabaki. Biashara yake ya pili haikuwa na kibao: aliwapunga watu wenye majini, na wengi walikuja kwake kwa siri hata kutoka Kasanda. Mwajabu alimdanganya Saady kwamba wanakwenda kumtazama mgonjwa. Walipofika dukani, kabla hata ya shikamoo kuitikiwa, Bi Asmahani alinusa hewa, akamuuliza Saady ametoka baharini lini.

"Sijawahi kuiona bahari, mama," akajibu Saady.

Ucheshi wa Bi Asmahani uliisha hapo hapo. Akafunga duka.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mkeka na chetezo. Alimkalisha Saady, akamfunika shuka jeupe, akatia ubani na udi, akaanza kusoma huku akimzunguka. Moshi ulipaa vizuri mwanzoni. Kisha ukageuka ukaanza kushuka, ukatambaa sakafuni kuelekea kwenye shuka, na ndani ya shuka mbao zikalia, zile zile za Kasulu, mgongo wa Saady ukanyooka, kifua kikatoka mbele, kichwa kikainuka, na ikatoka sauti ya mwanamke, laini, ya kipwani, isiyo na haraka yoyote.

"Mnanifukizia nini? Mimi si mwizi."

Bi Asmahani akamuuliza jina lake. Akakataa kulitaja. Akamuuliza anataka nini kwa mume wa mtu.

"Mume wangu pia. Sikumpanda usingizini, sikumvizia njiani. Nimeolewa mchana, kwa mahari, kwa mashahidi, na aliyeniozesha ni mke mwenzangu huyo aliyekaa hapo. Muulizeni." Kichwa chini ya shuka kikamgeukia Mwajabu. "Miaka yote wanaume wamenitazama wakasema maneno, hakuna aliyesema nimekubali. Sasa nimepata wangu. Nataka zamu yangu."

Shuka likainuliwa kidogo na mkono wa Saady, na kwenye kifundo cha mkono ule kulikuwa na bangili ya fedha ya Mwajabu.

Walipokuwa peke yao, Saady amelala kwa uchovu, Bi Asmahani alimweleza Mwajabu mambo kama yalivyo. Jini mwizi anafukuzwa. Huyu si mwizi, ana haki yake, na ubani haumfukuzi mke nyumbani kwake. Kinachomtoa mke ni talaka, nayo itamkwe na mume katika nyumba ile ile, mbele ya mashahidi wale wale, katika siku ya zamu yake. Maneno yenyewe alisema atampa Saady sikioni wakati ukifika, maana wenye masikio ni wengi.

"Mpaka nitakapokuja, mgawane," alisema. "Siku moja yako, siku moja yake, asubuhi mpaka asubuhi. Na wewe mwanangu nakujua kwa kukutazama tu. Usimuibie hata saa moja. Ukimla siku yake, naye atakula yako, na hesabu itageuka."

Basi Mwajabu akaishi na mke mwenza. Siku ya mwenzake aliburuta godoro lake hadi stoo, akalala kati ya magunia ya maharage na madumu ya mawese. Hakuhitaji kalenda, maji yalimwambia. Siku ya mwenzake yalikuwa na chumvi, siku yake yalikuwa matamu, na siku yake nyumba ilikuwa kimya, kavu, hakuna kamba wala mchirizi. Yule mwanamke hakumgusa, hakumtukana, hakuchelewa kutoka. Haki yake hiyo ndiyo iliyomtesa Mwajabu zaidi. Angepigwa angejua la kufanya. Lakini kuheshimiwa na mtu anayekunyang'anya mume ni jambo ambalo hakuwahi kujiandaa nalo, na wivu wake, uliozoea kumrukia kila mwanamke wa sokoni, ulikosa pa kumshika huyu.

Na Saady? Katika siku za Mwajabu alikuwa mume mwema, mchovu, mwenye haya. Hakukumbuka mengi ya siku nyingine. Ila jioni moja, wakila ugali, aliuliza kesho ni siku gani, na alipoambiwa hakuweza kuficha furaha usoni kwa wakati. Mwajabu aliuona. Aliosha vyombo akilia.

Ndipo Bi Asmahani akapiga simu. Wiki hiyo angekuja. Kwa hesabu waliyofanya pamoja, Ijumaa ilikuwa siku ya yule mwingine. Angefika asubuhi, wamalize, Jumamosi aanze safari ya Pangani kwa ndugu zake, na huko angekaa miezi, mpaka baada ya Mfungo. Mwajabu alishukuru hadi sauti ikamkatika. Zilikuwa zimebaki siku za kuvumilia tu.

Lakini Jumatano, siku ya mwenzake, akiwa stoo ametega sikio kama kawaida, alimsikia Saady akicheka. Alikuwa na kicheko kimoja ambacho Mwajabu alikihesabu kuwa ni chake peke yake, kinachoanzia tumboni na kukatikia puani, na alikuwa tayari kugawana kila kitu katika nyumba ile isipokuwa kicheko hicho. Aliinuka. Alioga kwa maji ya chumvi, akajifukiza udi, akatembea ukumbini bila viatu, miguu yake ikipita kwenye maji baridi, akafungua mlango, na gizani, bila kusema neno, akapanda kitandani upande wake, na kitanda kilikuwa kimelowa na baridi kama jiwe la mtoni, na hapo kati yake na mumewe palikuwa na kitu kikubwa, kigumu, kinachopanda na kushuka polepole kama kinachobebwa na mawimbi, na kabla hajapata pumzi ya kupiga kelele kitu kile kikajisogeza, kwa adabu, kikampisha. Kikateremka. Akakisikia kikijiburuta hadi mlangoni, na mlango ukafungwa taratibu. Mwajabu alimkumbatia mume wake mpaka asubuhi, akitetemeka, na pamoja na hofu yote hiyo alikuwa na furaha.

Alhamisi ilikuwa yake, lakini alfajiri maji yalikuwa na chumvi. Alielewa. Mwenzake hakugombana, alichukua kilicho chake tu. Mwajabu akabeba godoro akarudi stoo, hakumwambia mtu.

Ijumaa maji yalikuwa matamu.

Alisimama mbele ya mtungi kwa muda mrefu na kata mkononi. Bi Asmahani alikuwa tayari njiani. Twalibu amefunga kibanda chake, Mzee Nurudini amekuja na kanzu safi, na Chantal, ambaye Mwajabu mwenyewe alimwita na kumwomba radhi, alikuwa jikoni akiwasha moto. Kusema kweli mbele ya hawa wote maana yake ni kusema kwamba alimnyatia mke mwenziwe kitandani. Soko zima lingelijua kabla ya adhuhuri. Na Bi Asmahani angeondoka, na yeye angeendelea kugawana mume kwa miezi. Zaidi ya hayo, alijiambia, hesabu waliyopanga ni hesabu. Kwa mpango wa kwanza Ijumaa ni ya mwenzake, na ujanja wa katikati si siku halali. Alijiambia hivyo mara kadhaa, na kila mara ilisikika vizuri zaidi. Akachukua kopo la chumvi, akatia kijiko kizima kwenye birika, akakoroga.

Bi Asmahani alifika, akaketi, akaomba chai. Akanywa. Akatikisa kichwa.

"Hii ni chumvi," alisema. Lakini alinusa hewa mara mbili, akakunja uso. "Mbona harufu sijaipata? Mama Zaitun, leo ni zamu ya nani?"

"Yake," akasema Mwajabu.

"Una hakika?"

"Ego," akaitika kwa Kiha, kama alivyofanya kila alipoogopa.

Walikaa mgahawani, milango imefungwa, chini ya televisheni iliyozimwa. Bi Asmahani alimwinamia Saady, akamnong'oneza, akamrudishia mara ya pili ili ayashike maneno. Saady alisimama. Alikuwa na majonzi usoni, na Mwajabu aliyaona, akayameza, kwa sababu yalikuwa ya mwisho.

"Mke wangu wa leo," akaanza Saady, akavuta pumzi.

Mwajabu alielewa hapo. Yule hakuwa na jina la kuitwa, kwa hiyo aliitwa kwa siku yake. Alifungua mdomo. Mbele yake palikuwa na Twalibu, na Mzee Nurudini, na Chantal aliyesimama mlangoni mwa jiko, wote wakimtazama Saady, na aibu ikamchelewesha Mwajabu kwa muda wa pumzi moja tu.

"Nimekuacha kwa talaka tatu."

Hakuna kilichotokea. Mzee Nurudini akasema amesikia. Twalibu akasema amesikia. Bi Asmahani alikuwa amegeuza uso kuelekea mlango wa ukumbini, pua juu, na rangi ilikuwa inamtoka, kwa sababu harufu ilikuwa ndiyo kwanza inaingia, chumvi na mbao zilizooza na kamba mbichi, ikija kutoka ndani ya nyumba kama mtu anayerudi safari, na pamoja nayo ule mburuzo wa polepole sakafuni, ukapita chini ya meza, ukafika miguuni pa Saady, na kifua cha Saady kikatoka mbele, na kichwa kikainuka.

"Nimesikia natajwa," ilisema ile sauti laini. "Leo sikuwepo, ndiyo kwanza nafika. Jumatano yangu aliila yeye, nami nikala Alhamisi yake. Leo ilikuwa ya kwake. Mwulizeni chumvi ya kwenye birika ameitia nani."

Waligeuka tu wakamtazama Mwajabu, na Mwajabu hakukataa.

Saady alipozinduka alimwona mke wake amekaa sakafuni, akamwendea mikono mbele ili amwinue. Mzee Nurudini alimwekea mkono kifuani.

"Usimguse," alisema kwa upole, machozi yakimlengalenga mzee wa watu. "Si mkeo tena."

Walikwenda kwa shehe siku hiyo hiyo, wakijitetea kwa kila njia: nia haikuwa hiyo, aliyekusudiwa si huyu. Shehe aliwasikiliza mpaka mwisho. Akamuuliza Saady alitamka nini, akamuuliza Mwajabu siku ilikuwa ya nani. Wote wawili walijibu kweli. Akainamisha kichwa, akasema mwanamke akae eda yake, na kwa sheria ataikaa katika nyumba ile ile alimoachwa, asitolewe mpaka iishe. Bi Asmahani hakulala Kasulu.

Jioni ile Mwajabu alikuwa stoo, amejitanda kichwa gubigubi, kwa maana nje ya mlango ule palikuwa na mwanamume asiye wake. Hapakuwa tena na kugawana. Siku zote zilikuwa za mtu mmoja. Alisikia kamba zikikazwa nyumba nzima, mbao zikilia darini, kutani, chini ya magunia aliyoyaegemea, nyumba ikiinama taratibu upande huu na kurudi upande ule, na alimsikia Saady chumbani akiita jina lake, Mwajabu, Mwajabu, kwa kilio, kisha kwa unyonge, kisha akinyamaza kama mtoto aliyebembelezwa. Baadaye mburuzo ukaja ukumbini. Haukuwa na haraka. Ulipita mlango wa jikoni, ukapita mlango wa uani, ukasimama mbele ya stoo, na maji yakapenya chini ya mlango yakamlowesha vidole vya miguu.

"Hodi," ilisema ile sauti. "Mgeni wetu, umekula?"

Mwajabu alijibu kwa adabu kwamba ameshiba.